Usiku wa Aida mjini Verona

Treni ya kutoka Milano hadi Verona haichukui hata saa mbili. Nilifika jua likiwa bado juu, nipate kuuona uwanja wa Arena kabla watu hawajajaa. Ni jengo la Kirumi la karne ya 1, kongwe kuliko hata Colosseum ya Roma, na liko katikati ya mji kabisa, kwenye Piazza Bra, watu wanakunywa kahawa mbele yake bila hata kulitupia jicho. Tetemeko la mwaka 1117 liliporomosha karibu ukuta wote wa nje. Kimesalia kipande cha matao manne, kimejitenga upande mmoja.

Nyumba ya Juliet, yule wa hadithi ya Romeo na Juliet, niliipita tu. Foleni ilikuwa ndefu, na kile kibaraza ambacho watu wanagombania kupigia picha kimebandikwa pale karne ya 20. Niliona heri niende Ponte Pietra, daraja la mto Adige. Wajerumani walililipua mwaka 1945 wakati wanakimbia. Mawe yakaopolewa mtoni, na mwishoni mwa miaka ya 1950 daraja likawa limesimama tena. Kiraka chake hakikufichwa: matao mengine ni ya mawe meupe ya Kirumi, mengine ya matofali mekundu.

Tiketi yangu ya usiku ilikuwa ya bei ya chini, kwenye ngazi za mawe. Jiwe lilikuwa limekunywa jua mchana kutwa, nikawa naota moto kwa chini. Giza lilipoingia watu wakawasha vishumaa, ndiyo desturi ya hapa, kisha akatoka mtu mwenye mavazi ya maonyesho akapiga upatu.

Ilikuwa Aida, opera (mchezo wa kuimbwa) ya mtunzi wa Kiitaliano Verdi, ndiyo hiyo iliyofungua opera za Arena tarehe 10 Agosti 1913, mwaka ambao Verdi alitimiza miaka 100 tangu azaliwe. Aida mwenyewe ni Mhabeshi, binti mfalme aliyetekwa akafanywa mjakazi Misri. Mwaka 2022 mwimbaji Mweusi wa Marekani, Angel Blue, alijitoa kwenye La Traviata, opera nyingine ya Verdi, hapahapa, kwa kuwa kwenye Aida waimbaji walikuwa wakipakwa rangi wawe weusi. Mimi niko upande wake. Kwani sauti haitoshi mpaka waongeze masizi?

Maana sauti inatosha. Sehemu ya tatu Aida yuko peke yake kando ya Nile, anaililia nchi ambayo hataiona tena. Alipanda juu kabisa huku akiipunguza sauti, ikawa kama uzi, na bado ule uzi ukanifikia kule juu nilikokaa. Kwenye taarab watu wangekuwa wameshainuka kwenda kutuza. Hawa walisubiri amalize, ndipo uwanja mzima ukalipuka: "Brava!"

Ilikwisha usiku wa manane umeshapita. Wakati tunashuka ngazi, bibi mmoja aliyekaa jirani yangu akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga natoka wapi. Nikamwambia Tanga, Tanzania. Akauliza kama ni karibu na kwao Aida. "Kati yetu kuna Kenya tu, bibi," nikamjibu. Akatikisa kichwa, akafikiri, kisha akaniambia yule aliyeimba Radamès, mpenzi wa Aida, alikuwa amechoka tangu mwanzo.