Michezo ya hesabu mtandaoni: jinsi tulivyoacha kuhesabu kuanzia moja

Binti yangu aliingia darasa la pili akipata majibu mengi ya kujumlisha, na bado mwalimu wake aliniita. "Mama, mtoto hana shida ya kujua," aliniambia. "Shida ni kwamba kila hesabu anaianza upya." Nilipomtazama kwa makini nikaelewa. Ukimpa 8 + 5, anahesabu moja, mbili, tatu mpaka nane, ndipo aongeze tano juu yake. Vidole vikimwishia katikati, anapotea na kurudi kwenye moja. Kwake nane haikuwa kitu kizima cha kushika na kuendelea nacho, bali safari ya kutembea kila mara tangu mwanzo.

Nikaamua kutafuta michezo ya mtandaoni ya kumsaidia katika jambo hilo moja. Nasema jambo moja kwa sababu ndilo lililoniokoa. Ukitafuta tu "michezo ya hesabu kwa watoto" unaletewa kurasa zisizo na mwisho, zote zina rangi, muziki na wanyama wanaocheka. Nyingi za zamani hazifunguki tena: zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya kampuni ya Adobe, nayo iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020. Zilizobaki nilizichuja kwa namna ambayo naishauri kwa kila mzazi: cheza wewe kwanza, na ubonyeze majibu ovyo bila hata kusoma swali. Mchezo ukikupa nyota na vigelegele kwa kubahatisha, mtoto naye atagundua hivyo mapema sana, maana watoto ni wepisi wa kuona njia ya mkato. Mingi ilianguka hapo hapo. Mingine ilianguka kwa sababu ya matangazo, hasa yale yanayojitokeza mahali ambapo kidole cha mtoto kinakwenda kubonyeza.

Baada ya hapo nilikosea kwa makusudi nione mchezo unanijibu nini. Kuna inayolia "bii!" na kuleta swali jingine. Hiyo ni mitihani iliyopakwa rangi. Mchezo ninaoupenda hukuonyesha kilichotokea: vitu nane hivi hapa, vitano vile pale, jaribu tena.

Wazo lililonisaidia kuliko yote sikulipata ndani ya mchezo wa simu. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo wa familia zenye kipato cha chini waliocheza mchezo rahisi mno: ubao wenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, kuanzia 1 hadi 10. Walicheza vipindi vifupi vinne ndani ya wiki mbili, na uelewa wao wa namba ukapanda. Walipopimwa tena wiki tisa baadaye, faida ilikuwa bado ipo. Wenzao waliocheza ubao wa aina hiyo hiyo wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Kilichonigusa ni sharti moja la mchezo. Mtoto aliyesimama kwenye 5 akapata hatua 2, hasemi "moja, mbili". Anasema "sita, saba".

Hapo ndipo ugonjwa wa binti yangu ulipopata dawa. Nikaacha kutafuta michezo ya kujumlisha kwa jumla, nikatafuta ile yenye mstari wa namba, ambapo chura au gari linaruka kutoka namba moja kwenda nyingine. Sheria yetu ikawa hiyo: kabla ya kugusa kioo, taja namba unazozipitia, ukianzia hapo uliposimama. Michezo mingi ilizungumza Kiingereza, na yeye bado hakukielewa vizuri, kwa hiyo nilizima sauti. Namba tulizitaja sisi wenyewe kwa Kiswahili. Mwanzoni aliona ni adhabu. "Mama, si nibonyeze tu?" Nikamwambia mchezo hausikii, lakini mimi nasikia, na nataka kusikia namba zake.

Nadhani kukaa kwangu pale kulikuwa na uzito kuliko mchezo wowote niliouchagua. Mchezo unajua jibu limekuwa sahihi au si sahihi, haujui mtoto amelifikiaje. Swali langu lilikuwa moja tu, na nililiuliza hata alipopatia: "Umejuaje?" Siku moja alinijibu kuhusu 8 + 5: "Nimechukua mbili kwenye tano nikampa nane, akawa kumi. Zimebaki tatu." Sikuwa nimemfundisha hivyo kwa maneno. Alikuwa ametoka kuichezea hesabu hiyo kwa mikono.

Aliichezea kwenye Make a Ten, mojawapo ya vielelezo vya bure vya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Unafunguka kwenye kivinjari. Namba zinakaa kama vipande unavyoweza kuvimega na kuviburuta viungane, na hakuna majibu manne ya kuchagua, kwa hiyo kubahatisha hakumfikishi mtoto popote. Hauna mbwembwe nyingi, na kwa macho ya mtoto aliyezoea michezo yenye kelele unaonekana mkavu. Ilibidi nicheze naye kwa zamu mpaka auzoee.

Pembeni tuliweka GCompris, programu huria iliyo chini ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu za aina hiyo, yenye shughuli zaidi ya mia moja za watoto wa miaka 2 hadi 10. Haina matangazo, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Kwa anayetaka kitu kinachozungumza Kiswahili tangu mwanzo, kuna matunda ya Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za kumsaidia mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, zilizojaribiwa na watoto wa vijijini mkoani Tanga, Tanzania. Mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion zilishinda kwa pamoja, na programu za waliofika fainali ziliachwa wazi kwa umma, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kuhusu saa nina msimamo mkali kidogo. Michezo ya kushindana na muda niliizuia kabisa katika kipindi hicho. Nilichokiona kwa mwanangu ni kwamba saa ikianza kukimbia, anaiacha njia mpya aliyojifunza na kukimbilia vidole, kwa sababu vidole anaviamini zaidi. Kasi tuliileta baadaye, kwa hesabu alizokwisha kuzijua, kupitia TuxMath. Humo vimondo vyenye maswali vinaporomoka kutoka juu, na mtoto anaandika jibu ili kuvilipua kabla havijafika chini. Aliupenda sana, na wakati huo ulimfaa.

Muda wa kioo ulikuwa mfupi, na ulikoma akiwa bado anataka kuendelea. Kisha tulihamia kwenye karatasi: nilichora mstari wa 0 hadi 20, tukatumia dadu na kifuniko cha chupa. Hatua hii naomba mzazi asiiruke. Zipo siku alizoweza hesabu kwenye kioo na kukwama daftarini, na ni ule mstari wa karatasi uliomvusha, kwa kuwa daftari nalo ni karatasi.

Kwa sasa 8 + 5 haimsumbui, wala 9 + 6. Tumehamia kwenye kutoa kunakovuka kumi, kama 13 − 5, na huko ameanza kuhesabu tena kutoka mwanzo. Tumerudi kwenye mstari wa namba, safari hii chura anaruka kinyumenyume. Anatoa tatu kwanza afike kumi, halafu mbili zilizobaki. Kwenye kioo tayari anaweza. Daftarini bado tunaendelea.