Picha Isiyo ya Kitabu Chake

Majira ya baridi ya mwaka 2014, muuzaji mmoja wa vitabu vya kale alileta kitabu chembamba katika maktaba moja ya Massachusetts. Ilikuwa diwani ya Phillis Wheatley, chapa ya kwanza: London, 1773, kwa gharama ya A. Bell wa Aldgate. Hati ya muuzaji ilisema kitabu kimekamilika, na picha ya mshairi ipo. Maktaba ilitaka uhakika kabla ya kulipa, nasi tukaombwa tukikague.

Diwani iliyopigwa chapa London huhesabiwa miongoni mwa ushairi wa awali wa Marekani, na ni haki yake. Wheatley alifikishwa Boston mwaka 1761, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani. Mashairi aliyaandikia huko, lakini wanunuzi wa kutosha hawakujitokeza Boston, ndipo muswada ukavuka bahari. Hata Anne Bradstreet, mshairi wa Massachusetts aliyemtangulia, alitoka kwanza London, 1650, na Boston ikangoja hadi 1678. Anayekusanya kwa kufuata mji wa mchapaji tu huwakosa wote wawili.

Kitabu kiliwekwa juu ya mito ya sponji, kikafunguliwa nusu tu, maana mgongo wa ngozi kavu hupasuka ukilazimishwa kulala. Kuhesabu kurasa hakukutuchelewesha. Mashairi yanaishia ukurasa wa 124, na yaliyomo hufuata nyuma yake badala ya kutangulia. Tulifuata pia herufi zilizo chini ya kurasa, zinazomwongoza mjalidi apange mikunjo; hapo J, U na W hazitumiki, kwa hiyo kuruka kutoka I hadi K si upungufu. Maandishi yote yalikuwepo.

Picha ndiyo iliyotushika mchana kutwa. Inamwonyesha Wheatley mezani, kalamu ya unyoya mkononi, ndani ya duara refu lenye maneno yanayomtaja kuwa mtumishi Mweusi wa John Wheatley wa Boston. Haikupigwa pamoja na maandishi. Herufi za risasi hubonyea karatasini; bamba la shaba hukandamizwa kwa magurudumu juu ya karatasi yenye unyevu, hivyo wino hubaki umeinuka kidogo na kingo za bamba huacha mfinyo kuzunguka picha. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi tuliona mistari iliyoinuka, bila vile vitone vya picha za mashine. Taa ya urujuanimno haikuifanya karatasi ing'ae samawati, kama zing'aavyo karatasi za kisasa zilizotiwa dawa ya weupe. Picha yenyewe, basi, ilikuwa halali.

Lakini je, ilikuwa ya kitabu hiki? Wengi hukimbilia kupima karatasi: wakiona mistari ya waya na alama ya maji, zinazoachwa karatasini na kiunzi cha kuitengenezea, hazilingani na za maandishi, hupiga kelele ya udanganyifu. Kipimo hicho hapa hakifai. Mchapaji wa bamba la shaba alikuwa na mtambo wake na karatasi yake, kwa hiyo tofauti ni jambo la kutarajiwa.

Ushahidi ulitoka kwa mdudu. Tundu lake, dogo kuliko kichwa cha pini, lilitoboa ukurasa wa jina karibu na ukingo wa chini, likaendelea katika karatasi zilizofuata hadi likafifia. Mdudu aliingia kutokea jalada la mbele, na asingefika ukurasa wa jina bila kupita kwenye picha. Picha haikuwa na tundu. Doa la maji la kona ya juu nalo lilikoma ukurasa wa jina.

Kisha tukaelekeza mwanga kutoka ubavuni. Miaka ikipita, wino wa picha huacha kivuli kwenye ukurasa unaotazamana nayo. Kivuli kilikuwepo, duara refu la rangi ya chai hafifu, ila kilikaa milimita nne chini ya mahali ambapo picha ya sasa ingekiacha. Kitabu kilikuwa na picha yake, ikakaa humo muda mrefu, kisha ikatolewa. Iliyopo iligundishwa kwenye kipande chembamba kilichobaki mgongoni, labda kitabu kilipojalidiwa upya. Uharibifu huo si wa ajabu: tangu Mwingereza James Granger achapishe orodha yake ya picha za watu mashuhuri mwaka 1769, wakusanyaji walizoea kukata picha vitabuni ili kujaza albamu zao.

Sahihi ya mshairi haikuwemo. Tuliitafuta kwa sababu Wheatley, katika barua ya Oktoba 1773, alisema nakala halali itajulikana kwa mkono wake, akiwahofia wachapaji wa kwao wasije wakamwibia mauzo; nusu ya mapato ilikuwa yake.

Mmoja wetu alipendekeza picha ing'olewe. Nilipinga, na bado ningepinga: gundi ya zamani huondoka na nyuzi za karatasi, na maelezo ya kweli yanatosha. Muuzaji alikubali kupunguza bei. Katalogi inasema picha ni ya asili lakini imetoka nakala nyingine, ikitaja umbali wa kivuli na wa tundu kutoka ukingoni. Picha iliyokatwa, kama ingalipo ndani ya albamu fulani, itakuwa na tundu mahali hapo hapo.