Rangi za folda katika mchezo wetu wa Lamu

Mchezo wa kompyuta ninaoutengeneza pamoja na mdogo wangu unahusu punda anayebeba mawe ya matumbawe kutoka gatini hadi mtaa wa Mkomani, na folda zake sasa zimepita sitini, zote zikiwa na ikoni ileile ya kijivu. Yeye huchora, mimi huandika msimbo. Zaidi ya mara moja picha zake za milango ya nakshi zilikutwa ndani ya folda ya sauti, kwa kuwa jicho huchoka kusoma majina.

Godot, injini (programu) ya kutengenezea michezo, huruhusu folda kupakwa rangi tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023. Sisi tunatumia injini nyingine, Unity, na katika toleo letu kazi hiyo haimo, kwa hiyo niliandika programu-jalizi ndogo, yaani kipande cha msimbo cha kuongezea kazi hiyo. Unity inapochora dirisha la mradi, lile linaloorodhesha folda na faili, huita msimbo uliofungwa kwenye projectWindowItemOnGUI kwa kila kitu kinachoonekana, ikikabidhi utambulisho wake na mstatili kinamokaa. Kilichobaki ni kuupaka mstatili huo. Rangi huandikwa kwa namba nne kati ya 0 na 1, ya nne ikiwa ni uzito wake, na hiyo ndiyo iliyonichukua jioni nzima: kwa 1, jina la folda lilifunikwa kama ukuta uliopigwa chokaa, kwa 0.05, rangi haikuonekana. Tuliridhika na 0.25.

Kosa langu lilikuwa kuifunga rangi kwenye jina la folda. Mdogo wangu alipoibadili "Punda" ikawa "Wanyama", rangi ya kahawia ilitoweka, naye akanipigia simu kutoka Shela kwa hofu: "Kaka, kazi yangu yote imekwenda." Haikuwa imekwenda popote, lakini hofu ile ilinikera mimi niliyeisababisha. Kila folda katika Unity ina faili ya .meta yenye GUID, yaani utambulisho wa herufi na tarakimu 32, ambao haubadiliki hata jina likibadilika. Sasa rangi huifuata GUID. Sharti ni kubadili jina ndani ya Unity kwenyewe, kwani folda ikibadilishwa jina nje na faili ya .meta ikaachwa nyuma, GUID mpya huzaliwa na rangi hupotea tena.

Orodha ya rangi nimeiweka katika faili ndani ya mradi, si katika mipangilio ya kompyuta yangu, ili yeye naye aone ninachokiona. Rangi zenyewe amezichagua yeye: buluu kwa bahari, kahawia kwa wanyama, na manjano ya makuti makavu kwa majengo.