Mstari wa Chaki: Nilivyomaliza Kitabu cha Pili cha Atieno

Kitabu cha kwanza nilikiandika likizo moja ya Desemba. Cha pili kimenichukua karibu miaka 3, na mwaka mzima kati ya hiyo ulipotea kwa ushauri ambao hadi leo unanikera.

Kwa ambaye hakusoma cha kwanza: Atieno ni msichana wa miaka 10, anaishi uwanda wa Kano, upande wa Ahero, na anasikia vivuli vikizungumza. Kivuli cha mti, cha ng'ombe, cha mtu aliyelala. Watoto wa klabu yetu ya kusoma, hapa Manyatta, Kisumu, walimpenda mno, na kila Jumamosi wakawa wananiuliza, "Halafu?"

Mhariri mmoja alisoma muhtasari wangu akaniambia kwamba watoto wa umri huo wanataka adui wa kumchukia, na kwamba nisimkuze Atieno hata kwa mwezi mmoja, kwani msomaji anarudi kumtafuta yule yule. Nikamtii. Niliandika kurasa 140 ambamo watu wa milima ya Nandi, ujombani kwa Atieno, wanateremka kuiba mvua, naye anawatimua. Nilipowasomea watoto sura ya nne, msichana wa Gredi ya Sita, ambaye babake ni Mjaluo na mamake Mnandi, aliinua mkono. "Mwalimu, kwa hivyo anapigana na nyanya yake?"

Nilikosa jibu. Rasimu ile niliifunga siku hiyo hiyo na sijaifungua tena.

Jambo lililoniokoa nilikuwa nimelisikia tangu utotoni: hekaya ya Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilishindwa kumdhuru, basi maadui zake, Wanandi, wakampa binti yao amwoe. Siku moja akaugua, akamwambia mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili, na damu ikatoka. Mke akatorokea kwao na ile siri, na vita vilivyofuata wakachoma kivuli, shujaa akaanguka, akawa mwamba. Sisi tulifundishwa kumwita mwanamke huyo msaliti. Lakini alimsaliti nani hasa? Angenyamaza, angekuwa amewasaliti ndugu zake waliokuwa wakifa. Na kila niliposimuliwa hadithi hii, hakutajwa jina. Mamake Atieno nilimpa jina siku hiyo: Chebet, aliyezaliwa mchana, na bintiye ni Atieno, aliyezaliwa usiku.

Hapo adui akatoweka. Milimani wanaomba mvua kwa sababu chemchemi zimekauka. Uwandani wanaiogopa mvua hiyo hiyo, kwani ikinyesha kule juu, mto Nyando unafurika huku chini na kubeba nyumba. Wote wana haki. Anayeandika habari za moyo uliogawanyika na haoni haki ya pande zote mbili, asubiri kwanza.

Nitajuaje kama nimepima sawasawa? Nilichora mstari wa chaki katikati ya sakafu ya ukumbi, kushoto milima, kulia ziwa, yaani upande wa uwandani. Kila nikimaliza sura nawauliza, "Ungekuwa Atieno, ungesimama wapi?" Hakuna kujieleza kwanza, miguu ndiyo inayosema. Wakijaa upande mmoja, sura hiyo naiandika upya. Sura ya tatu, watoto 26 kati ya 28 walikimbilia ziwa. Nilirudi nyumbani nikaongeza ukurasa mmoja tu, nyanya akimmiminia mjukuu mursik, maziwa ya mgando ya kwao, ya mwisho kutoka kwenye kibuyu, bila kumwambia kuwa ni ya mwisho. Jumamosi iliyofuata walisimama 15 kwa 13, wakabishana hadi wazazi wakaja kuwachukua. Sura ya tisa, mvulana mmoja mpole aliweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Nilimwambia achague. Alikataa, akabaki amepanua miguu vile vile nikisoma kurasa mbili nzima, magoti yakimtetemeka. Mkao ule umo kitabuni, Atieno akivuka Nyando kwa mawe.

Kuhusu kumkuza, sikuandika popote kwamba amekuwa mkubwa. Kivuli chake ndicho kinachotangulia kurefuka, halafu kinaanza kumjibu kwa Kinandi. Na mtoto mgongoni: kitabu cha kwanza anabebwa yeye, cha pili anambeba mdogo wake.

Kilele nilikipanga Machi 21, jua likiwa utosini, kivuli kimeisha, kila upande ukose pa kumshikia. Nilipanda matatu hadi Maseno, kwenye mstari wa ikweta, nikasimama hapo saa 6 kamili. Kivuli changu kilikuwepo, shibiri mbili hivi, kimelala upande wa magharibi! Nilidhani kitabu kimeharibika. Nikangoja juani bila kofia, hadi saa 7 kasorobo ilipopita kidogo kivuli kikaingia chini ya viatu. Kumbe saa za Kenya zinafuata longitudo ya nyuzi 45, mashariki mbali na kwetu, kwa hiyo adhuhuri yetu huchelewa. Nilifurahi hadi nikaogopa. Wazee wa pande zote mbili wanakuja saa 6 kumdai mtoto, na kivuli bado kipo. Kwa dakika 40 na kitu hana budi kuwasikiliza wote. Sura ya mwisho nzima inaishi ndani ya dakika hizo.

Gharama sikuandika. Fotokopi za rasimu, nauli na mandazi ya watoto vimekula kama elfu ishirini, pengine zaidi. Tafadhali usiache mandazi, msikilizaji mwenye njaa husimama popote ili amalize.

Siku ya sura ya mwisho, yule msichana wa Gredi ya Sita alikuja na mamake, akaketi nyuma kabisa na mkoba mapajani. Nilipomaliza kusoma, watoto wakatawanyika kwenye mstari. Msichana akaenda upande wa milima. Mamake akainuka polepole, akaweka mkoba kwenye kiti, akavuka ukumbi na kusimama upande wa ziwa.