"State" si nchi tu

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alirudi nyumbani, hapa Ujiji, na karatasi ya jaribio la Baiolojia. Yuko kidato cha kwanza. Swali moja lilisema: "State three functions of the root." Aliliacha wazi kabisa.

"Shangazi, mzizi naujua. Ila state ni nchi, nikashindwa kuelewa wanataka nini."

Nikamuuliza kwa Kiswahili, mzizi una kazi gani? Akajibu papo hapo: unaushikilia mmea ardhini, unafyonza maji na madini, na mwingine unahifadhi chakula, kama muhogo tunaousaga tukapika ugali. Alama zote tatu hizo. Neno moja ndilo lililomnyima: "state" hapo ni "taja". Shule ya msingi alisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, halafu sekondari masomo yakageuka Kiingereza kwa mkupuo. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikaomba daftari lake la msamiati. Kurasa na kurasa, mwandiko safi, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. "State: nchi." "Account: akaunti." Bidii anayo, tena kubwa. Lakini neno haliishi peke yake. Sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Mgeni akiandika "piga" kwa maana moja tu atatuelewa lini? Vivyo hivyo, "account" yaweza kuwa ya benki, ila "account for" kwenye mtihani ni kuambiwa ueleze sababu.

Tukaanza daftari jipya. Kila neno linaingia pamoja na sentensi alikolikuta, kisha anatunga yake ya hapahapa Kigoma. Ya kwanza ilikuwa "State the price of dagaa." Chini anaandika ndugu zake, "statement" na wengineo, kama soma anavyozaa somo na msomaji. Maneno matano kwa siku, basi. Anayarudia kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, huku ile maana ya Kiswahili ameifunika kwa kiganja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaandika kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutupotea mapema sana. Ndiyo maana simruhusu asubiri Jumamosi.

Maneno ya maswali tuliyapa kurasa za mbele: "state", "outline", "describe", "account for". Hayo ni mlango wa kila somo, Jiografia hadi Fizikia.

Leo jioni nilikuwa nachambua dagaa uani. Akaja na kitabu, kidole kiko kwenye "bear fruit".

"Shangazi, kamusi inaanza na dubu. Lakini hapa si dubu. Ngoja kwanza, nisome sentensi yote."

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kusoma kwa sauti.