Ndoo ya mfuto na ndoo ya kilele: tulivyohesabu dagaa na watu wa Kunduchi

Ndoo ya dagaa ina ujazo wa namna mbili. Kuna ya mfuto, iliyosawazishwa mdomoni kwa kiganja, na kuna ya kilele, iliyojazwa mpaka dagaa wanamwagika mchangani. Hilo nililijua asubuhi moja katika diko la Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam vyombo vinaposhusha samaki, nikiwa na wanafunzi wanane na dodoso tuliloliandaa idarani kwa wiki tatu. Swali la nne liliuliza: "Leo umeuza ndoo ngapi?" Mama mmoja mchuuzi akamgeuzia swali mwanafunzi wangu: "Ndoo gani, mwanangu? Ninayonunulia au ninayouzia?"

Mnadani ananunua ya kilele, mtaani anauza ya mfuto. Dagaa ni walewale, hesabu mbili. Nahodha akikutajia kumi na mchuuzi akakutajia kumi na mbili, hakuna aliyekudanganya. Tulisimamisha kazi siku hiyohiyo, tukarudi na mizani.

Nafundisha takwimu katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, somo la uchukuaji sampuli. Kwa miaka mingi idara yetu ilikutana na wananchi mara moja kwa mwaka, tarehe 18 Novemba, Siku ya Takwimu Afrika inayoadhimishwa tangu 1990. Tulivaa fulana, tukasikiliza hotuba ukumbini, tukatawanyika. Kwa watu wengi mtu wa takwimu alikuwa na sura moja tu: karani wa sensa ya Agosti 2022, aliyekuja na kishikwambi, akauliza, akaondoka. Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120, na naiheshimu kwa dhati. Ila niliona uchungu kwamba wanafunzi wangu wanamaliza chuo bila kumwona hata mtu mmoja akitumia namba waliyomhesabia.

Ndipo nikaiomba idara mafunzo kwa vitendo tuyafanyie pwani, na kikundi cha wavuvi kilichotaka kuomba mkopo wa kujenga chumba cha barafu. Benki ilitaka kujua kipato chao, nao walikuwa na madaftari yaliyolowa maji ya chumvi, nusu ya kurasa hazisomeki.

Barua zilipita kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa uvuvi bila shida. Shida ilikuwa chini ya mti wa mkungu, kwenye mkutano wa kwanza. Mzee mmoja, nahodha mstaafu, alipokea shikamoo zetu, kisha akasema, "Walishakuja wengine na karatasi. Tukawajibu mpaka jua likatua. Majibu hatujayaona mpaka leo." Watu wakanyamaza. Nikamwambia, "Mzee wangu, sisi majibu tutayaleta hapahapa, tena ninyi mtayaona kabla ya chuo." Akaniuliza siku za kuja. Nikamsomea: Jumamosi moja kila baada ya wiki nne, mara nne.

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Mwalimu, siku zako zote ni za giza."

Vyombo vya dagaa vinavua usiku kwa taa. Giza likiwa zito, dagaa wanaifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, wengi wanalala nchi kavu wakishona nyavu. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, ratiba yangu ilikuwa ya siku 28. Tungeanza gizani na kumaliza karibu na gizani, tukaandika kwamba Kunduchi dagaa wanamiminika mwaka mzima. Kwa ripoti hiyo kikundi kingekopa fedha kisizoweza kuzirejesha. Kosa hili nalifundisha darasani, kwamba ukichukua sampuli kwa hatua sawa, jihadhari na jambo linalojirudia kwa mwendo uleule. Nalifundisha kwa mifano ya mashine za viwandani. Aliyelikamata kwenye ratiba yangu ni mtu aliyelala baharini tangu ujana wake.

Tukaigawa kazi upya: siku za giza fungu lake, siku za mbalamwezi fungu lake, na kila fungu likapigiwa kura. Vikaratasi vilivyokunjwa tukavitia kwenye pakacha, mzee mwenyewe akachomoa. Siku ya mbalamwezi ambayo hakuna chombo kilichotoka tuliandika sifuri, na wanafunzi walikuja diko kuiandika. Niliwasisitizia sana hiyo sifuri, kwa sababu nyumbani kwa mvuvi siku hiyo nayo watu wanakula.

Majibu tuliyarudisha chini ya mkungu uleule kabla hayajafika chuoni. Sehemu niliyoitumia muda mwingi ni wastani. Nilipanga vifuniko vya soda mchangani, mafungu matano kama vyombo vitano: 6, 8, 9, 10 na 67. Jumla 100, ukigawa kwa tano unapata 20. Nikauliza nani kati yao amepata ndoo 20. Hakuna. Kijana mmoja baharia akanyoosha kidole kwenye fungu la tisa, la katikati: "Huyu ndiye sisi." Basi namba ya katikati ndiyo tuliyoiweka juu kabisa kwenye karatasi ya benki, giza na mbalamwezi kila moja mstari wake, kilo badala ya ndoo.

Novemba iliyofuata niliomba maadhimisho yahamie pwani. Wanafunzi walibandika chati zao kwenye ubao wa mnada, na yule mama wa swali la ndoo ndiye aliyezisoma kwa sauti, akiwatafsiria wenzake mistari kwa mkono wenye magamba. Alipomaliza akanigeukia: "Haya, wavuvi mmewahesabu. Sisi wakaangaji, kuni na mafuta yetu mtayahesabu lini?"

Tulianza naye Jumatatu. Swali la kwanza la dodoso alilitunga yeye.