Nilivyopima mitambo ya kanisa kwa kifaa cha kuazima

Kwa miaka mingi nimekuwa fundi wa mitambo ya sauti anayetegemea masikio tu. Spika ikinguruma nachomoa waya mmoja mmoja mpaka kelele ikome, na nikibahatisha najiita mtaalamu. Kanisa moja hapa Morogoro ndilo lililoniumbua. Spika ya kushoto ilikuwa mzima, ya kulia imepooza na inanguruma chini kwa chini. Nilishabadilisha spika, nikabadilisha amplifaya, wapi! Mwalimu wa kwaya akaniambia, "Fundi, tunaimba Jumapili hii, si ya mwakani."

Nikaenda kwa kaka mmoja anayefunga mitambo ya mikutano, akaniazima kifaa chake cha kupimia. Kinashikika mkononi, kinatumia betri. Kina tundu la kutolea mlio na tundu la kuupokea, na kioo kinachokuambia mlio umerudi na desibeli ngapi, yaani una nguvu kiasi gani. Akanionya: "Kabla hujakipeleka kwenye mikisa, kijaribu chenyewe kwa chenyewe." Mikisa ndiyo meza ya vitufe inayochanganya sauti za maiki zote.

Basi nikaanza hapo. Matundu yote mawili ni ya XLR, ile plagi ya duara ya maiki yenye pini tatu, na hapa wengi hujichanganya: lenye pini tatu zilizochomoza linatoa, lenye vishimo linapokea. Nikaunganisha moja na jingine kwa kebo fupi, nikatuma mlio wa hezi 1,000 kwa kiwango cha 0 dBu, yaani volti 0.775 (dBu ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia volti hiyo). Kioo kikasoma 0.0. Sasa nilijua kifaa hakinidanganyi, wala kebo yangu.

Kosa la kwanza nililifanya dakika tano baadaye. Nilichomeka tundu la kutolea kwenye ingizo la maiki la mikisa, kiwango kikiwa kilekile. Taa nyekundu zikawaka zote. Ingizo la maiki limezoea milivolti chache, mimi nalimiminia karibu volti nzima! Nikashusha hadi -40 dBu, kama milivolti 8 hivi, mikisa ikatulia. Kwa bahati nilikuwa nimeshazima ile swichi ya volti 48 ya maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme kutoka kwenye mikisa. Umeme huo hutoka kwenye mikisa kurudi kwenye chochote ulichochomeka, na si kila kifaa kinauvumilia.

Nikapandisha mikisa mpaka sauti inayotoka humo ikasoma +4 dBu, kushoto na kulia sawasawa. Kwa hiyo mikisa ilikuwa salama. Nikaenda upande wa pili wa ukumbi, mwisho wa kebo ndefu, nikachomoa plagi kwenye amplifaya na kuichomeka kwenye kifaa. Kushoto: +4. Kulia: -2.

Nilikaa chini kabisa kwenye benchi. Tofauti ya desibeli 6 maana yake volti imepungua nusu, na nusu kamili namna ile haiji hivi hivi. Kwenye XLR pini ya 1 ni ethi (waya wa ardhi), ya 2 inabeba sauti, na ya 3 inabeba sauti ileile ikiwa imegeuzwa. Kinachopokea huchukua tofauti ya 2 na 3, ndiyo maana kelele iliyoingia njiani kwenye nyaya zote mbili hujifuta yenyewe. Ukipoteza waya mmoja unapoteza nusu ya sauti, na kelele inakosa wa kuifuta. Magonjwa yangu yote mawili, kupooza na kunguruma, yalikuwa ugonjwa mmoja.

Nikafungua plagi. Waya wa pini ya 3 ulikuwa umekatika kwenye lehemu, unagusa tu ukiinama upande. Nikaulehemu upya, nikapima: +4. Mngurumo kwisha.

Hapo kichwa kikavimba kidogo. Kwenye baraza kuna spika za honi zinazoendeshwa kwa laini ya volti 100, nikataka kuzipima nazo. Plagi ilikuwa tayari mkononi nilipogeuza kifaa na kuona maandishi nyuma: ingizo mwisho +20 dBu. Hiyo ni volti 7.75 tu! Ningelipa kifaa cha watu kwa kazi ya miezi. Honi nikazipima kwa maiki ndogo ya kifaa chenyewe, nikiwa nimesimama uani kwa hatua zilezile mbele ya kila moja. Moja tu ndiyo ilikuwa dhaifu, imejaa maji ya mvua.

Jumatatu nilirudisha kifaa. Kaka hakuniuliza kilichotokea. Alichukua kebo fupi, akaunganisha tundu la kutolea na la kupokea mbele yangu, akasubiri kioo kisome 0.0, ndipo akakirudisha kwenye mkoba.